Je, wajua dogo wa miaka 15 aliingiaje jeshini Kanada enzi za Vita vya Kwanza?

Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918, Kanada nzima haikufikisha watu milioni 8 lakini waliovaa magwanda walipita laki 6. Umri wa kisheria ulikuwa 18, baadae wa kwenda ng'ambo ukawa 19, ila wanahistoria wanakadiria madogo kama 20,000 walipenya wakiwa chini ya hapo. Walipitia wapi?

Walipitia mlangoni kabisa, maana hakuna aliyewadai cheti cha kuzaliwa. Fomu inauliza tarehe ya kuzaliwa, dogo anataja mwaka unaomfaa, karani anaandika, daktari anampima urefu na kifua, anasaini, kashakuwa askari. Aliyekulia shamba ana mwili, nani ambishie? Halafu mshahara ulikuwa dola 1 na senti 10 kwa siku, hela nzuri tu kwa kijana asiye na kazi, na wengine walikuwa wanawafuata kaka zao.

Mimi siwalaumu hao watoto. Wa miaka 16 kuongopa umri ni utoto, ila mtu mzima anakiona kidevu hakina hata unywele mmoja na bado anampitisha kwa sababu jeshi linataka watu, hilo ndo linaloniuma. Wazazi waliandika barua na ushahidi wa umri, wapo waliorudishiwa watoto wao, wapo waliochelewa. Na jeshi lilijua, maana 1917 liliunda kule Uingereza batalioni ya vijana, wakawekwa humo waliogundulika ili wafunzwe mpaka wafikie 19.

Thomas Ricketts alijiandikisha 1916 ana miaka 15, kwenye kikosi cha Newfoundland, kisiwa ambacho wakati ule hakikuwa sehemu ya Kanada, kilijiunga 1949. Tarehe 14 Oktoba 1918 pale Ledeghem, Ubelgiji, risasi za rashasha yao ziliisha, akakimbia karibu mita 100 huku adui anamfyatulia risasi, akazichukua akarudi nazo, wakateka mizinga 4 na mateka 8. Akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ana miaka 17. Baada ya vita alirudi shule, akawa mfamasia St. John's, mji wa kulekule Newfoundland.

Nyumbani nako mashamba yalikosa mikono, vijana wote wako mahandakini, ndo mwaka 1918 serikali ikaanzisha mpango wa Soldiers of the Soil, wavulana wa miaka 15 mpaka 19, zaidi ya 20,000 wakatoka mijini kwenda kulima na kuvuna, shule ziliwaruhusu na waliomaliza walipewa beji. Umri uleule wa wale waliopenya jeshini! Ngano ilikuwa inahitaji wavunaji tangu vita vinaanza, sasa kwanini ilibidi wasubiri mpaka mwaka wa mwisho ndo waone kwamba mtoto wa 15 anaweza kuisaidia nchi yake bila kushika bunduki?