Kutunza joto kwenye mtambo wa makaa ya mawe, maana yake nini?

Mama ntilie wa stesheni Tabora anaielewa hii dhana kuliko wengi wetu, hajui tu kama ina jina. Jiko lake la mkaa halina swichi, akilizima halafu abiria wa Kigoma wakashuka ghafla ameumia, maana kuliwasha upya ni kupepea na moshi machoni. Anafanyaje sasa, analiacha liwake, watu wakiwa hawapo anachemsha maji anajaza chupa za chai, treni ikifika (saa ngapi, hilo tusiulizane) yeye anamimina tu.

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ni jiko hilohilo ila kubwa mno. Makaa yanachemsha maji kwenye boila, mvuke wa nyuzi 540 hivi unazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta. Tabu ni kwamba boila haipendi kuyumbishwa, ikishapoa kabisa kuiwasha ni masaa na masaa tena unaanza kwa kuchoma mafuta, na ukiipasha na kuipoza kila siku vile vyuma vinene vinatanuka vinasinyaa mpaka vinapata nyufa. Ukisema basi nipunguze tu moto, nao una kikomo, ukishusha sana unayumba, mitambo mingi ya zamani inagoma ikifika karibu nusu ya uwezo wake.

Zamani haikuwa ishu. Ila siku hizi nchi kama China na Ujerumani zimejaa sola, mchana umeme unamwagika, jioni sola zimelala na ndo saa kila mtu karudi nyumbani kawasha vitu.

Hapo ndo chupa ya chai inaingia. Mchana boila inawaka kama kawaida ila mvuke kiasi unachepushwa, badala ya kwenda kwenye turbini unaenda kupasha matenki ya chumvi iliyoyeyushwa, kwa hiyo umeme unaoingia gridi unapungua na moto hujaugusa. Jioni ile chumvi inarudisha joto kwenye maji na umeme unapanda. Chumvi yenyewe sio ya mboga jamani, ni naitreti ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu asilimia 40, inavumilia mpaka nyuzi 565 hivi, ila ikipoa sana inaganda, na ikigandia ndani ya bomba utajuta. Wameiazima kwenye mitambo ya jua, mfano Andasol 1 kule Hispania ina tani 28,500 za chumvi, inaendesha mtambo masaa saba na nusu bila jua.

Msije mkadhani makaa yanakuwa masafi lakini, moshi ni uleule, na joto kidogo linapotea njiani. Mi naona faida kubwa iko mbele, siku makaa yakiachwa yale matenki na turbini vinabaki, unapasha chumvi kwa umeme wa sola kazi inaendelea.

Kwetu makaa yapo, Ngaka, Mchuchuma, ila gridi yetu inategemea zaidi maji na gesi, na bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 tayari ni chupa ya chai, umeme ukihitajika zaidi wanafungulia maji.