Waya wa ofisi na hotispoti ya simu vifanye kazi pamoja: ruti iandike mwenyewe

Hapa Tabora kwenye ofisi nyingi ninazoitwa kurekebisha mtandao nakuta kitu kilekile, mhasibu kompyuta yake imechomekwa waya kwa ajili ya mfumo wa ndani na printa, halafu intaneti anaipata kwa hotispoti ya simu, sasa vyote viwili vikiwaka intaneti inakata, kwahiyo akitaka kutuma imeili anachomoa waya, akitaka mfumo anachomeka tena, na hivyo hivyo mpaka jioni. Inaniuma kwa kweli, maana kompyuta hiyohiyo ina uwezo wa kutumia njia zote mbili kwa wakati mmoja na hakuna kifaa cha kununua, ni mtu tu akae aiambie mzigo gani upite wapi.

Kila kompyuta ina jedwali la ruti, yaani orodha ya njia za kupitisha data. Kwa Windows fungua dirisha la komandi uandike route print, kwa Linux ni ip route. Utaona mistari, kila mmoja unataja mtandao unakoenda, maski (inaonyesha eneo hilo la anwani ni kubwa kiasi gani), geitiwei (kifaa cha kupitia kwenda huko) na metriki (namba ya kipaumbele). Ule wa 0.0.0.0 ndo ruti ya jumla, chochote ambacho hakijatajwa kwenye mistari mingine kinapita hapo. Kwa mhasibu wetu utakuta mistari ya 0.0.0.0 miwili, mmoja wa waya mmoja wa waifai, na Windows inachukua wenye metriki ndogo. Ukiiacha yenyewe inapanga metriki kwa kuangalia spidi ya muunganisho, na waya wa gigabiti kwa kawaida unapata namba ndogo kuliko waifai, basi data zote za intaneti zinapelekwa kwenye waya ambao huko mbele intaneti haipo. Yenyewe imefuata namba.

Sasa hapa ndo mafundi wengi wanakwama, wanahangaika na metriki peke yake. Metriki inaulizwa mwishoni, pale tu ambapo mistari miwili inataja eneo lilelile. Kinachoangaliwa kwanza ni mstari upi umetaja eneo dogo zaidi, yaani wenye maski ndefu. Ukiwa na mstari wa 10.20.0.0/16 (namba baada ya mkwaju ndo urefu wa maski, /16 ni sawa na 255.255.0.0) na mwingine wa 0.0.0.0/0, kitu kinachoenda 10.20.5.7 kitafuata ule wa /16 hata kama metriki yake ni 900. OpenVPN, programu ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa mbali kwa siri, wanaitumia sheria hiyohiyo, kuna mpangilio wao unaoweka 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, nusu mbili ambazo kila moja inaishinda ruti ya jumla bila kuifuta. Mi naona ukishaelewa hili moja tu mengine yanakuja yenyewe.

Kingine, kompyuta haijui safari nzima, inajua hatua inayofuata basi. Abiria wa Mpanda akiwa stesheni ya Tabora reli ya Mpanda haioni hapa, anapelekwa kwanza upande wa Kigoma, na njia ya Mpanda inachepukia Kaliua. Geitiwei ni hivyohivyo, lazima iwe jirani yako kwenye mtandao uleule, kama wewe ni 192.168.10.25 maski 255.255.255.0 huwezi kuandika 10.20.0.1 kuwa geitiwei, unaandika ruta yenu, tuseme 192.168.10.1, yenyewe ndo itajua kwa kuendelea.

Haya twende kazini. Fungua dirisha la komandi kwa haki za msimamizi, kwanza waya uupe metriki kubwa ili ruti yake ya jumla isishinde ya simu (hapo "Ethernet" weka jina la muunganisho wako):

netsh interface ipv4 set interface "Ethernet" metric=500

Halafu utaje mtandao ambako mfumo wa ndani uko, tuseme 10.20.0.0:

route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.10.1

Hiyo -p usiisahau, bila hiyo ukizima kompyuta ruti inapotea. Maski nayo iendane na anwani, ukiandika 10.20.5.0 na maski ya 255.255.0.0 itakataa. Ukitaka kufuta ni route delete 10.20.0.0. Kwa Linux ip route add inakaa mpaka kuzima tu, kwahiyo kama inatumia NetworkManager (programu inayosimamia miunganisho) andika sudo nmcli connection modify kebo ipv4.never-default yes +ipv4.routes "10.20.0.0/16 192.168.10.1", kebo ni jina la muunganisho, kisha nmcli connection up kebo.

Printa iliyo kwenye 192.168.10 haihitaji chochote, mtandao wa jirani unajiandika wenyewe. Ila angalia sana simu isije ikawa inagawa anwani zinazofanana na za ofisi, wote wakiwa 192.168.10 kompyuta haitajua printa iko upande gani, na hapo ruti hazikusaidii, badilisha anwani za upande mmoja.

Pima kwa tracert -d 10.20.5.7, komandi inayoonyesha data inapita hatua zipi, hatua ya kwanza ionyeshe 192.168.10.1. Ikifika hapo halafu kimya, usirudi kufutafuta ruti zako, huenda ni ulinzi wa huko umezuia au ruta ya upande wa pili haijui njia ya kurudi 192.168.10.0, na data isiyo na njia ya kurudi kwako inaonekana sawasawa na iliyopotea. Na kama kwa namba inafunguka ila kwa jina haifunguki, ruti iko salama, kaangalie DNS, ile inayogeuza jina kuwa namba.