Baba hakuja kikaoni: maswali na majibu kuhusu tiba ya familia

Tiba ya familia ni nini?
Ni mazungumzo yanayoongozwa na mtaalamu, ambapo shida haibandikwi mtu mmoja. Kinachotazamwa ni yale yanayopita kati ya watu: nani huamua, nani hunyamaza. Salvador Minuchin, mmoja wa waasisi wake, aliangalia hata nani kakaa karibu na nani chumbani, na pengine akawahamisha viti.

Mume wangu hataki kuja. Nifanyeje?
Kwanza tuulizane: alialikwaje? Mara nyingi ujumbe hupitia kwa mke, miadi huwekwa saa za kazi, fomu hujazwa jina la mama peke yake, kisha faili linaandikwa “baba hashiriki”. Huyo hajakataa, hakualikwa. Afisa ustawi wa jamii aliye makini humpigia baba mwenyewe, humweleza kuwa kuna mambo ya mtoto anayoyajua yeye, na humtafutia saa inayomfaa. Akifika, asianze kuulizwa “unajisikiaje?”, wengi hapo hujifunga. Aulizwe usingizi ukoje, kazi inaendaje, na lini mara ya mwisho alicheka na mwanawe. Hisia zitajileta zenyewe. Wataalamu wa tiba ya familia wa mji wa Milan, Italia, walitufundisha pia kuuliza kwa kuzunguka, kwa mfano kumwambia mtoto: “Baba akinyamaza, nani hugundua wa kwanza?” Nimeona swali la namna hiyo likifungua mdomo wa baba aliyekaa kimya nusu saa.

Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ya mwanaume hujionyeshaje?
Si lazima kwa machozi. Huweza kuja kama hasira za ghafla, pombe, au kazi isiyo na mwisho. Hata baba wa mtoto mchanga huipata: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta takriban baba 1 kati ya 10. Akitamka kwamba heri afe, msisubiri kikao. Asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Akiwa anampiga mkewe, waje pamoja?
Hapana. Atakayoyasema mke mbele ya mtaalamu huenda akayalipia nyumbani. Kila mmoja aonwe peke yake, usalama wa mama na watoto utangulie, na mwanaume aelekezwe kwenye programu ya kumfanya awajibike kwa ukatili wake. Mafunzo ya kudhibiti hasira hayatoshi: wengi wa hao bosi akiwaudhi hawampigi, yaani hasira wanaweza kuizuia.

Siri zangu zitatunzwa?
Ndiyo, ila si pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto ukiwa hatarini. Hilo mtaalamu alitamke mwanzoni, kabla hujamfungulia moyo.