Mkojo umegoma na miguu ina ganzi? Usisubiri mashine: maswali kuhusu ultrasaundi na siti skani ya mgongo

Kuoanisha ultrasaundi na siti skani ndo nini?

Siti skani, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, unapigwa kabla, inaonyesha pingili za mgongo pande zote. Siku ya upasuaji, ukiwa umeshalala thieta (chumba cha upasuaji), daktari anapitisha mgongoni kifaa cha ultrasaundi, kinachopiga picha kwa mawimbi ya sauti, kompyuta inachukua picha hiyo ya muda huohuo na kuilaza juu ya ile siti skani mpaka mifupa ikae sawa, ili daktari ajue alipo anapopasua. Basi.

Si nilishapigwa siti skani, wananipima tena ya nini?

Ulipigwa umelala chali, thieta unalazwa kifudifudi. Pingili yenyewe haibadiliki umbo ila mgongo unajikunja kwenye diski zilizo kati yake, kwa hiyo kompyuta inalinganisha pingili mojamoja. Ultrasaundi peke yake haitoshi maana haipenyi mfupa, unaona mstari mweupe wa uso wa mfupa na nyuma yake giza tupu. Uzuri wake haina mionzi. Na usahihi unatakiwa kweli, skrubu ya kushikilia mgongo inapita sehemu nyembamba ya pingili na milimita chache pembeni kuna neva.

Basi nisubiri hospitali yenye hiyo teknolojia?

Hapana. Hili ndo linanichosha. Hospitali nyingi hazina na wanapasua vizuri tu kwa eksirei ya thieta. Kama una maumivu ya mgongo halafu mkojo hautoki, au ganzi kwenye makalio, sehemu za siri na mapaja kwa ndani, au miguu inalegea, nenda emajensi leo, hata kama ni usiku. Huenda neva za chini ya mgongo zimebanwa, na zikibanwa muda mrefu hazirudi, uwe na mashine gani sijui.

Ganzi si itaisha nikikandwa?

Haiishi, na tafadhali asikukanyage mtu mgongo. Wanakuja watu wamekandwa wiki nzima, tunawauliza ukijipangusa chooni unahisi mkono wako, wanasema hawahisi, eti walidhani ni uchovu wa kukaa sana. Usikandwe, nenda hospitali!

Mbona mkojo unatoka kidogokidogo?

Matone yanayojitokea bila wewe kuhisi si kukojoa, kibofu kimejaa kinafurika. Hiyo ndo hatari yenyewe, usijipe moyo nayo. Nenda leo, sio Jumatatu kliniki ikifunguliwa.

Nasikia upasuaji wa mgongo unapoozesha?

Hatari ipo, daktari atakueleza kabla hujasaini. Ila wengi wanaotolewa mfano mtaani waliingia thieta miguu imeshalegea siku kadhaa, halafu lawama anabeba aliyeshika kisu. Ukichelewa kwa kuogopa kupooza unakifuata hichohicho unachokikimbia.

Nije na nini?

Siti skani ya zamani kama ipo, na uje na sidii yenye picha zenyewe maana karatasi ya majibu peke yake haioanishwi na kitu. Kama huna njoo hivyohivyo. Usishangae pia wakikupeleka emarai, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, siti skani inaonyesha mfupa vizuri lakini neva iliyobanwa inaonekana zaidi kwenye emarai. Taja dawa unazomeza, hasa za kuyeyusha damu, na usile kitu njiani kwa sababu unaweza kuingia thieta usiku huohuo.