Saratani ya Ovari na Vipimo vya Inflamesheni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"CRP yangu iko juu, basi ni saratani."

Hapana. CRP ni protini ya kupimia inflamesheni, yaani mwako wa mwili unapojikinga, inayotengenezwa na ini likichochewa na kemikali iitwayo interlukini-6, na kemikali hiyo humwagika kila mwili unapopambana na kitu. Ini halijali ni kitu gani. Nimonia, jino lililooza, kidonda cha upasuaji, baridi yabisi na uvimbe wa ovari vyote huipandisha CRP. ESR, kipimo cha kasi ya seli nyekundu za damu kutuama, nayo ni hivyohivyo, tena hupanda hata kwa ujauzito, upungufu wa damu na umri.

"Vipimo vya damu vimetoka safi, kwa hiyo niko salama."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inamrudisha mtu nyumbani. Saratani ambayo bado imejifungia ndani ya ovari inaweza isibadilishe chochote kwenye damu. Hata CA-125, kipimo cha protini ya damu kinachohusishwa zaidi na ugonjwa huu, huvuka kiwango cha kawaida cha 35 kwa takriban nusu tu ya wagonjwa walio hatua ya kwanza. Mwanamke ambaye tumbo linamjaa karibu kila siku kwa wiki kadhaa, anashiba kwa matonge mawili matatu, nyonga zinamuuma au anakwenda haja ndogo kila mara, anahitaji kuchunguzwa na daktari na kufanyiwa ultrasaundi hata kama CRP yake ni ya kawaida. Hasa akiwa amevuka miaka 50.

"Uwiano wa seli nyeupe unatosha kutofautisha saratani na uvimbe usio wa saratani."

Uwiano huu, NLR, hupatikana kwa kugawa neutrofili kwa limfosaiti, ambazo ni aina mbili za seli nyeupe, kutoka kwenye kipimo cha kawaida cha picha ya damu. Ni rahisi, na tafiti nyingi zimeukuta uko juu zaidi kwa wenye saratani ya ovari kuliko kwa wenye uvimbe usio wa saratani. Lakini huo ni wastani wa kundi. Chukua mwanamke mwenye neutrofili 4.0 na limfosaiti 2.0: uwiano wake ni 2. Akianza prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa ajili ya pumu, neutrofili zinaweza kufika 9.0 na limfosaiti zikashuka hadi 1.0. Sasa uwiano ni 9, na ovari zake ni zilezile. Isitoshe, tafiti hazikubaliani mstari ukatwe wapi.

"Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikizidi 450 (elfu kwa mikrolita), uvimbe ni wa saratani."

Kuna ukweli nusu hapa. Uvimbe wa saratani ya ovari unaweza kutoa interlukini-6, ini likaongeza homoni ya thrombopoietini, na uboho ukazalisha chembe sahani kupita kiasi. Ila upungufu wa madini ya chuma nao huzipandisha, na mwanamke anayevuja damu nyingi kwa sababu ya fibroidi huwa na vyote viwili: uvimbe nyongani na chuma kidogo.

"Basi kila mwanamke apimwe CA-125 kila mwaka."

Limejaribiwa Uingereza kwa wanawake zaidi ya 200,000. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa uchunguzi huo haukupunguza vifo. CA-125 hupanda pia kwa endometriosisi (tishu za ukuta wa mfuko wa uzazi kuota nje yake), wakati wa hedhi, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho huleta maji tumboni na kufanana mno na saratani iliyosambaa.

Inapofaa ni pale inapounganishwa na mengine. Kuna hesabu iitwayo RMI, ya kukadiria hatari ya uvimbe kuwa wa saratani: alama ya ultrasaundi, mara alama ya hedhi (1 kama bado anaipata, 3 kama imekoma), mara CA-125. Aliyekoma hedhi, mwenye ultrasaundi ya alama 3 na CA-125 ya 40 tu, anapata 360, wakati 200 tayari inatosha kumpeleka kwa mabingwa. Kijana mwenye ultrasaundi ya alama 1 na CA-125 ya 120 anapata 120. CRP haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

"Damu ikitia shaka, wachome sindano wachukue kipande."

Uthibitisho kweli hutoka kwenye tishu inayosomwa kwa hadubini. Lakini uvimbe unaoonekana kubaki ndani ya ovari kwa kawaida hauchomwi sindano, maana ukipasuka unaweza kumwaga seli za saratani tumboni. Huondolewa mzima, kisha ndipo unapokatwa maabara.