Je, wajua kwa nini nyumba zilizotengenezwa kiwandani zilishindwa Marekani, lakini vitongoji vikajaa nyumba zinazofanana?

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, mamilioni ya wanajeshi wa Marekani walirudi nyumbani wakakuta nyumba hakuna. Ujenzi ulikuwa umezorota tangu uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, na wakati wa vita mbao na chuma vilikwenda jeshini. Vijana waliooa karibuni wakabanana kwa wazazi wao. Ndipo swali likazuka: viwanda vilivyotoa ndege za kivita kwa maelfu vitashindwaje kutoa nyumba?

Mfanyabiashara na mvumbuzi Carl Strandlund alilichukua swali hilo kwa moyo wote. Alipata kiwanda kilichokuwa kikitengeneza ndege huko Columbus, Ohio, na serikali ikamkopesha zaidi ya dola milioni 37. Nyumba yake, Lustron, ilisimama juu ya sakafu ya zege, lakini kuanzia hapo kwenda juu karibu kila kitu kilikuwa chuma: fremu, kuta za nje na za ndani, dari, hata vigae vya paa. Chuma hicho kilipakwa enameli kama vikombe vya chuma vya zamani, kwa hiyo hakikuhitaji kupakwa rangi wala hakikupata kutu kirahisi. Kutundika picha ukutani, mwenye nyumba alitumia sumaku badala ya msumari. Vipande zaidi ya elfu tatu vya nyumba moja vilipakiwa kwenye lori moja na kupelekwa kiwanjani, mafundi wakaviunganisha huko huko.

Hata hivyo, hadi kampuni ilipofilisika mwaka 1950 ilikuwa imetoa nyumba kama 2,500 tu, wakati kiwanda kilijengewa uwezo wa kutoa maelfu kwa mwaka. Nyumba zenyewe zilikuwa imara, na baadhi zinakaliwa mpaka leo. Tatizo lilikuwa kila kitu kilichozizunguka. Miji mingi ilikuwa na kanuni zake za ujenzi, zilizoandikwa kwa ajili ya mbao na matofali, na fundi mkaguzi aliyeletewa ukuta wa chuma hakujua aupime kwa kanuni ipi. Benki nazo zilizoea kutoa mkopo kidogo kidogo kadiri ujenzi unavyopanda. Kiwanda hakiwezi kungoja hivyo. Kilitaka fedha zote nyumba inapotoka getini, hivyo wakala aliyeziuza alilazimika kulipa kabla mnunuzi hajapata mkopo. Juu ya hayo, bei ilipanda hadi ikawapita watu wale wale waliokusudiwa.

Wakati huo huo, huko Long Island karibu na New York, Abraham Levitt na wanawe William na Alfred walikuwa wameanza kujenga kitongoji cha Levittown kwenye mashamba ya viazi. Wao hawakupeleka nyumba kiwandani. Waliligeuza shamba lenyewe kuwa kiwanda, ila nyumba zilikaa palepale na mafundi ndio waliotembea. Kazi iligawanywa katika hatua zaidi ya ishirini. Kikosi kimoja kilimwaga zege, kingine kikasimamisha fremu za mbao zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, na fundi aliyepewa rangi nyeupe alipaka nyeupe tu, nyumba baada ya nyumba. Kazi ilipopamba moto zilikamilika nyumba 30 kwa siku. Kati ya 1947 na 1951 walijenga 17,447, na mwaka 1949 moja iliuzwa dola 7,990. Kwa kuwa zilikuwa za mbao za kawaida, benki na wakaguzi walizielewa.

Hata ujanja huo usingetosha bila mkopo. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia wanajeshi wa zamani iliifanya serikali iwe mdhamini wao benki, na wengi wakanunua nyumba bila malipo ya awali, wakilipa polepole kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, karatasi hiyo ya udhamini ndiyo iliyojenga vitongoji, kuliko mashine yoyote.

Na karatasi ilichagua watu. Mkataba wa mwanzo wa Levittown ulikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba nalo lilipendelea vitongoji vya wazungu watupu. Hivyo mwanajeshi mweusi aliyepigana vita ile ile alikuwa na haki ya mkopo kwa sheria, akanyimwa nyumba ya kununua kwa mkopo huo.

Agosti 1957, William na Daisy Myers walinunua nyumba Levittown ya pili, ile ya Pennsylvania, kutoka kwa mwenye nyumba mwenyewe. Myers alikuwa mwanajeshi wa zamani. Umati ulikusanyika nje usiku baada ya usiku, mawe yakavunja vioo vya madirisha, mpaka polisi wa jimbo wakaletwa. Familia ile haikufungasha virago. Ilikaa hapo miaka kadhaa, ikilelea watoto wake mtaa ule ule.