Barua za malalamiko kutoka nchi iliyokufa

Barua huanza kwa heshima na kuishia kwa kitisho. Mwandishi, tuseme mama anayefanya kazi kiwandani, anajitambulisha kwanza: umri wake, miaka aliyotumikia, pengine na nishani aliyowahi kutunukiwa. Anaeleza kwamba yeye, mumewe na watoto wawili wanalala chumba kimoja. Choo kiko kwenye ngazi na wanachangia na majirani. Ukuta umeota ukungu, na mtoto mdogo kila siku anakohoa. Kisha anawakumbusha wakubwa ahadi yao wenyewe ya mwaka 1973, kwamba ifikapo 1990 tatizo la makazi litakuwa limekwisha. Mstari wa mwisho ndio wenye uzito: tusipopata nyumba, siku ya uchaguzi msitutarajie kituoni.

Hiyo si barua ya mtu mmoja. Nimekusanya mambo yanayojirudia katika barua za namna hiyo, ambazo Ujerumani Mashariki ziliitwa Eingaben. Kuandika malalamiko ilikuwa haki ya kila raia, na sheria ya mwaka 1975 iliitaka ofisi iliyopokea barua iijibu ndani ya wiki nne. Watu walimwandikia meya, waliandika wizarani, walimwandikia Erich Honecker mwenyewe, kiongozi wa nchi. Katika nchi ya watu milioni 16 hivi, barua hizo zilikuwa maelfu kwa maelfu kila mwaka. Kazi yangu ni historia ya maisha ya kila siku ya nchi hiyo, na sijaona dirisha linalotuonyesha ndani ya nyumba za watu kuliko barua hizi.

Kwanza niueleze ule mstari wa kitisho, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuielewa nchi. Uchaguzi ulikuwa wa orodha moja. Mpiga kura alipewa karatasi, akaikunja, akaitumbukiza sandukuni, basi. Wenyewe walisema "kwenda kukunja". Aliyeingia kwenye kibanda cha siri alionekana, na kuonekana huko hakukuwa na heri. Matokeo yalikuwa asilimia 99 au karibu na hapo. Lakini kiongozi wa mtaa ambao watu wake hawakujitokeza alikuwa na maswali ya kujibu kwa wakubwa wake. Kwa hiyo mama yule, ambaye kura yake haikuweza kumwondoa mtu yeyote madarakani, alijua kwamba kutokuwepo kwake kituoni kulikuwa na bei, akaiuza bei hiyo kwa fleti ya vyumba viwili. Mbinu hiyo iliwafaa wengi.

Sasa nije kwenye mjadala. Kila ninapozungumza na watu kuhusu nchi hii, nusu saa haipiti kabla hawajagawanyika. Mmoja anasema: kila mtu alikuwa na kazi, kodi ya nyumba ilikuwa kidogo, watoto walikuwa na chekechea, hukumwona ombaomba. Mwingine anamkata: na ukuta uliowazuia watu kukimbilia Magharibi je? Wasiopungua 140 walikufa kwenye Ukuta wa Berlin kati ya 1961 na 1989. Na Stasi, polisi wa siri, je? Kila mmoja anasema kweli. Kosa ni kuyaweka mambo hayo kwenye mizani, mazuri huku na mabaya kule, kana kwamba mtu angeweza kuchukua chekechea akaacha jalada la polisi. Barua zinanionyesha kwamba fleti ile na woga ule vilitoka katika ofisi moja.

Chukua kodi ya nyumba. Katika majengo mapya ilikuwa kati ya pfennig 80 na marki 1.25 kwa mita ya mraba (marki moja ni pfennig 100), sehemu ndogo sana ya mshahara. Kwa nyumba za zamani, kodi zilikuwa zimegandishwa tangu miaka ya 1930. Ni neema, hadi paa linapovuja. Kwa kodi hiyo mwenye nyumba hawezi kununua vigae wala kumlipa fundi, na hata akiwa na fedha, vigae havipo. Mitaa mizima ya Leipzig iliyojengwa kabla ya vita ikaoza huku watu wakiwa ndani. Serikali ikajibu kwa kujenga majumba ya zege pembeni mwa miji, yenye maji moto na kipasha joto, na waliohamia huko walifurahi kikwelikweli. Lakini fleti hizo huwezi kuzipata kwa fedha. Unagawiwa. Wenye ndoa na watoto hutangulia, na hiyo ni sababu mojawapo ya vijana wa huko kuoana mapema. Waliotakiwa na kiwanda fulani hutangulia. Wasio na doa kwenye taarifa zao hutangulia. Unapogawiwa kitu ambacho huwezi kukipata penginepo, unajifunza kuupima ulimi wako, hata kama hakuna aliyekutisha.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi zilipangishwa kwa kodi ndogo bila matengenezo, na tunajua zilivyoanguka.

Hadithi hii inanigusa kwa njia nyingine pia. Nimekulia katika maghorofa ya Kikwajuni, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Zanzibar iliitambua nchi yao mapema mno, mwaka 1964, wakati Ujerumani Magharibi ilikuwa inamwekea ngumu kila aliyethubutu kufanya hivyo. Wahandisi wakaja na ramani za majumba. Mwaka huohuo akaja pia Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Stasi, kusaidia kuunda idara ya usalama visiwani. Utotoni nilijua ngazi za zege na bomba la maji jikoni. Habari za Wolf nilizisoma nikiwa mtu mzima, na tangu hapo siwezi tena kuzitenganisha safari hizo mbili. Fleti ile ilitutoa kwenye nyumba ya udongo, nami naishukuru mpaka leo.

Turudi kwao. Bei za vyakula vya msingi nazo ziligandishwa: mkate mdogo wa asubuhi pfennig 5 mwaka baada ya mwaka. Ukawa rahisi kiasi kwamba wafugaji waliununua kulisha sungura na nguruwe. Vitu vingine ndivyo vilivyotafutwa kwa tochi. Gari la Trabant ulilisubiri zaidi ya miaka kumi, na lililokwisha kutumika liliweza kuuzwa ghali kuliko jipya, kwa kuwa lilipatikana leo. Kulikuwa na neno, Bückware, yaani bidhaa za kuinama: muuzaji huinama akazitoa chini ya kaunta kumpa anayemjua. Aliyewahi kupanga foleni ya sukari Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 anaijua ile inama. Marki zilikuwepo mifukoni. Kilichohitajika ni kujuana na muuza nyama, na fundi bomba, na mtu wa spea.

Mwaka 1977 kahawa ilipopanda bei duniani, serikali ilijaribu kuokoa fedha za kigeni kwa kuuza mchanganyiko wenye kahawa nusu tu, nusu nyingine nafaka na vitu vingine. Watu waliovumilia ukuta hawakuvumilia hilo. Barua zilimiminika, na mchanganyiko ukaondolewa. Nalipenda tukio hili kwa sababu linawapa heshima yao watu ambao wengine wanawasimulia kama kondoo. Walijua pa kusukuma.

Walijua pia pa kutosukuma. Kulalamikia kahawa, ukungu au viatu vya mtoto kulikubalika. Kuomba kuhama nchi kulikufungulia jalada, na mara nyingi kulikupotezea kazi. Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na wapashaji habari wa siri zaidi ya 170,000: wenzako kazini, wa kwaya yako, mara nyingine wa kitandani mwako. Ilipovunjika iliacha majalada yanayofika kilomita 111 ukiyapanga rafuni, na tangu 1992 watu wanaweza kusoma yaliyoandikwa juu yao. Ndoa zimevunjika kwa kusoma.

Mei 1989 kitisho cha zamani cha barua kiligeuka. Raia walisimama vituoni kuhesabu kura za uchaguzi wa mitaa wenyewe, na walipotangaziwa kwamba asilimia 98.85 walikubali orodha walijua wamedanganywa. Oktoba 9 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig. Novemba 9 ukuta ulifunguka, na mwaka uliofuata nchi ikaunganishwa na Ujerumani Magharibi.

Nawaelewa, na nawaheshimu, wanaoyakumbuka ya zamani kwa huzuni, maana miaka iliyofuata iliwaumiza. Treuhand, taasisi ya kubinafsisha mali ya umma, ilikabidhiwa mashirika kama 8,500 yenye wafanyakazi milioni nne hivi, na kufikia mwisho wa 1994 mengi sana yalikuwa yameuzwa au kufungwa. Wanawake, ambao mwaka 1989 tisa kati ya kumi walikuwa kazini au masomoni, waliachishwa kwa wingi. Mtu aliyekuwa akimwandikia Honecker na kujibiwa ndani ya wiki nne, hata kama jibu lilikuwa hapana, sasa aliandika kwa mnunuzi wa kiwanda na hakujibiwa. Ukimwambia mtu huyo kwamba nchi yake ilikuwa gereza, anakusikia ukimwambia kwamba miaka yake arobaini ya kuamka saa kumi na moja kwenda zamu haikuwa maisha. Hapo ndipo mjadala unapofungwa, na kosa ni letu tunaouendesha.

Kuna watu ambao hawamo kabisa katika mjadala huo. Kwa mkataba wa mwaka 1979, vijana wa Msumbiji walipelekwa Ujerumani Mashariki kufanya kazi viwandani. Kwa jumla walifika karibu 20,000. Waliishi katika mabweni, na mwanamke aliyepata mimba alikabiliwa na kurudishwa kwao au kuitoa. Sehemu ya mshahara ilikatwa, wakaambiwa watalipwa nyumbani. Fedha hizo zilitumika kupunguza deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Waliporudi baada ya 1989, wengi walipata kidogo au hawakupata kitu. Kwao wanaitwa Madgermanes. Kwa miongo mitatu na zaidi wameandamana katika mitaa ya Maputo wakidai jasho lao, baadhi yao wakipeperusha bendera yenye nyundo na bikari ya nchi ambayo haipo tena kwenye ramani. Nao wanasubiri jibu la barua yao.